Taa ishuke mkekani

Bonde la Kilombero liliwaangazia wengine miaka mingi kabla ya kujiangazia lenyewe. Mitambo ya Kidatu, yenye uwezo wa megawati 204, ilianza kufua umeme mwaka 1975. Kihansi, yenye megawati 180, ikafuata karibu na mwaka 2000. Zaidi ya nusu ya maji ya Mto Rufiji, ambayo leo yanazungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, huletwa na Mto Kilombero na vijito vinavyoshuka kutoka milima ya Udzungwa na Mahenge. Nguvu yote hiyo ilipita hewani kwenye nyaya kubwa kuelekea mijini, huku kaya nyingi za bondeni zikila chakula cha usiku kwa koroboi. Takwimu za Serikali za mwaka 2016 zilionyesha kuwa vijijini Tanzania Bara ni asilimia 16.9 tu ya kaya zilizokuwa na umeme, wakati mijini zilikuwa asilimia 65.3. Tangu hapo mambo yamekwenda kasi. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesambaza nguzo, ada ya kuunganishwa kijijini ikashushwa hadi shilingi 27,000, na mji wa Ifakara, huku bondeni, umepata kituo chake cha kupoza umeme kwa msaada wa Umoja wa Ulaya. Swali la lini umeme utafika linaelekea kwisha. Swali ambalo halijaulizwa ni hili: ukishafika, taa ikae wapi ndani ya nyumba, na imulike nini?

Kwa sasa jibu linatolewa na fundi umeme, tena bila mjadala. Kila chumba kinapata globu moja, katikati ya dari, au kwenye kenchi pale ambapo dari haipo. Globu yenyewe ni nyeupe ya kung'aa, kwa sababu ndiyo inayojaa madukani na ndiyo inayoonekana kuwa umeme hasa. Sebule ina yake, vyumba vina zao, na iliyobaki inawekwa nje juu ya mlango kwa ajili ya usalama. Jiko la uani, ambako mama yuko hasa saa hizo, mara nyingi linasahaulika au linaachiwa tochi ya simu. Mpangilio huu unafuata ramani ya nyumba. Haufuati mwendo wa watu walio ndani yake. Hoja yangu ni kwamba kwa familia ya Kilombero hilo ni kosa la malezi, hata kama linaonekana kuwa jambo la kiufundi tu. Taa ya kwanza ya nyumba inapaswa kushuka chini, pale mzazi na watoto wanapokaa pamoja jioni, iwe moja, iwe ya njano, na iweze kuhamishwa. Globu za vyumba zije baadaye.

Sababu ya kwanza ni saa. Ifakara iko nyuzi nane hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halina huruma ya majira kama kule Ulaya, ambako kiangazi huwapa watu mwanga hadi usiku. Hapa, mwaka mzima, giza linaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Sasa tazama siku ya mkulima wa mpunga. Anatoka alfajiri, anarudi jua likielekea kuzama, kisha kuna maji ya kuchota, kuni, chakula cha kupika. Baba anayeendesha bodaboda, anayevua mtoni au anayefanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Kidatu ana ratiba yake, na mara nyingi ni ngumu zaidi. Mtoto wa shule naye ameondoka asubuhi na mapema. Mchana wa familia hii umegawanyika vipande vipande, na mahali pekee vipande hivyo vinapokutana ni kati ya saa moja usiku na saa tatu. Ni muda wa saa mbili hivi, na zote ziko gizani. Kwa hiyo karibu kila neno ambalo mzazi na mtoto wanaambiana kwa utulivu, kila jeraha linalotazamwa, kila ripoti ya shule inayosomwa, hutegemea mwanga wa kutengenezwa. Nchi za kaskazini zinaweza kuizungumzia taa kama pambo la nyumba. Sisi hatuna nafasi hiyo.

Sababu ya pili inahitaji twende Uganda. Kati ya mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alizunguka kwenye vijiji vya Buganda, karibu na Kampala, akiwatembelea akina mama na watoto wao wachanga nyumbani mara kwa mara. Kitabu alichokitoa mwaka 1967 kuhusu watoto hao ni miongoni mwa misingi ya elimu yote ya leo kuhusu mshikamano wa mtoto na mlezi, na inafaa tukumbuke kwamba msingi huo uliwekwa Afrika Mashariki kabla ya maabara za Marekani. Alichokiona hakikuhusu kumpenda mtoto kwa maneno. Watoto waliotulia, waliothubutu kutambaa mbali na kurudi kwa mama wakiwa na uhakika, walikuwa zaidi watoto wa akina mama walioweza kumweleza mgeni habari nyingi ndogo ndogo za watoto wao: anapenda nini, analia vipi akiwa na njaa, analia vipi akiwa na usingizi. Mama hao walikuwa wanawatazama watoto. Aliona pia kwamba mtoto huweza kumshikamania baba anayekuja nyumbani kwa nadra, au bibi, au dada mkubwa, kwa sababu kinachofunga kifundo ni jinsi mtu anavyomjibu mtoto anapokuwa naye. Maarifa hayo leo yameandikwa hata kwenye sera. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Dodoma Desemba 2021, inataja malezi yenye mwitikio kama mojawapo ya nguzo zake tano, sambamba na afya, lishe, ulinzi na ujifunzaji wa awali. Lakini mwitikio huanza na kuona. Uso wa mtoto usipoonekana, mzazi hujibu kelele tu, na kelele huja baada ya mambo kuharibika.

Globu ya darini inaonyesha chumba vizuri na uso vibaya. Ikiwa juu ya kichwa cha mtu aliyeketi mkekani, hutia kivuli machoni na chini ya pua, na anayeinua macho kumtazama mzazi wake aliyesimama hukutana na mwako wa globu yenyewe. Kila fundi picha analijua hilo, ndiyo maana hampigi mteja wake picha chini ya mwanga wa utosini. Taa iliyo chini, pembeni, kwenye usawa wa uso au kidogo juu yake, humulika shavu na macho. Inamwonyesha mama kwamba mdomo wa mtoto unatetemeka kabla hajaanza kulia. Inamwonyesha mtoto kwamba baba anatabasamu anaposema neno kali kwa utani. Mambo haya ni madogo sana kila moja, lakini Ainsworth alikuwa anapima mambo madogo hayo hayo.

Sababu ya tatu ni mazungumzo. Mwaka 2014 mwanaanthropolojia Polly Wiessner alichapisha uchambuzi wa maongezi ya Waju/'hoansi wa Kalahari, nchini Namibia na Botswana, akilinganisha ya mchana na ya usiku kando ya moto. Mchana sehemu kubwa ilikuwa ni malalamiko, kukosoana na habari za mali na chakula. Hadithi zilichukua asilimia 6 tu. Usiku, kwenye duara la moto, hadithi zilipanda hadi asilimia 81. Watu walewale, lugha ileile, kijiji kilekile. Utaniambia kwamba hao ni wawindaji, kwamba maongezi yalikuwa ya watu wazima zaidi, na kwamba moto si taa. Ni kweli, na sidai kwamba globu ya njano itamfanya mkulima wa Kilombero awe msimulizi. Ninachokiona katika tarakimu hizo ni kwamba mwanga mdogo unaokusanya watu hubadilisha wanachoambiana, kwa sababu unazima kila kitu kingine. Kazi iliyobaki shambani haionekani. Ukuta wenye ufa hauonekani. Kinachoonekana ni nyuso. Wazee wa bonde hili, Wandamba, Wapogoro, Wambunga na Wabena, hawakuhitaji utafiti kulijua hilo: vitendawili na hadithi zilikuwa za usiku, kando ya mafiga, na mchana mtoto aliyedai hadithi alifukuzwa akafanye kazi.

Hapa msomaji mwenye haraka atadhani ninaililia koroboi. Sivyo, na ni vizuri kulisema kwa ukali. Koroboi ni chombo kibaya. Moshi wake unaingia kwenye mapafu ya mtoto aliyeinamia daftari, mwali wake umeunguza watoto na nyumba za nyasi, na Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014, lilizitaka nchi zisihimize mafuta ya taa kutumika majumbani. Serikali yetu yenyewe iliyapa pigo mwaka 2011 ilipopandisha kodi ya mafuta hayo, ingawa nia ilikuwa kukomesha uchakachuaji wa dizeli na wala si kuwaokoa watoto na moshi. Hata hivyo koroboi ilikuwa na jambo moja jema ambalo lilitokana na unyonge wake: ilikuwa moja. Aliyetaka kuona ilibidi aje. Mtoto wa darasa la tano, mdogo wake, mama anayechambua mchele na bibi anayekoroma nusu walikuwa ndani ya duara moja la hatua mbili. Umeme ulipoingia, duara lile lilivunjika bila mtu yeyote kukusudia. Kila chumba kikawa na mwanga wake, na kila mwenye simu akawa na mwanga wake wa mkononi. Tumefuta ubaya wa koroboi, na hilo ni jambo la kushukuru, ila tumefuta pia kitu tulichokuwa tunakipata bure, na hatujakirudisha kwa njia nyingine.

Kukirudisha hakuhitaji fedha nyingi. Mwanga hupungua kwa mraba wa umbali, maana yake ukikata umbali nusu, mwanga unaofika unaongezeka mara nne. Globu ya wati 9 iliyopachikwa kwenye kenchi, mita mbili na zaidi juu ya mkeka, inatumia nguvu zake nyingi kumulika mabati na kuta. Taa ya LED ya wati 3 ikining'inizwa kwa waya mrefu hadi usawa wa kichwa cha mtu mzima aliyeketi, au kidogo zaidi ili mtoto asiivute, inawapa walioketi mwanga wa kusoma na kushona. Juu yake iwekwe kofia ili mwali usichome macho. Kikapu kidogo cha ukindu kilichogeuzwa kinatosha, maana LED ndogo haichemki kama globu za zamani. Waya uwe na ndoano mbili: moja juu ya mkeka wa chakula, nyingine mlangoni kuelekea jikoni, ili taa imfuate mama badala ya mama kuifuata taa. Sehemu hii ya jiko ndiyo ningeisisitiza kuliko zote. Kati ya saa moja na saa mbili usiku mama yuko kwenye moto, na mtoto mdogo anataka kuwa alipo mama. Nyumba yenye sebule inayong'aa na jiko la giza inamlazimisha mtoto kuchagua kati ya mwanga na mama yake, na fundi aliyeichora hivyo wala hakujua kwamba amempa mtoto mtihani.

Rangi nayo ina uzito. Kwenye boksi la globu nyingi madukani kumeandikwa 6500K, yaani mwanga wa mchana wenye ubuluu mwingi. Globu ya njano huandikwa 2700K au 3000K, na bei haitofautiani sana pale inapopatikana. Jicho lina chembe maalumu, zilizothibitishwa mwaka 2002, ambazo hazioni picha ila hupima ubuluu wa mwanga na kuuambia ubongo kama ni mchana au usiku. Zikiambiwa ni mchana, homoni ya usingizi, melatonini, inazuiwa. Watoto ndio wanaoathirika zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walipowaweka watoto wa miaka mitatu hadi mitano kwenye mwanga mkali kwa saa moja kabla ya kulala, melatonini yao ilishuka kwa karibu asilimia 88. Mwanga huo ulikuwa mkali kuliko wa nyumba yoyote ya Ifakara, na pingamizi hilo lingekuwa la haki kama watafiti haohao wasingerudia mwaka 2022 kwa mwanga hafifu na kukuta homoni imeshuka kwa wastani wa asilimia 78. Njano haiondoi athari hiyo, inaipunguza. Mzazi yeyote anajua kinachofuata mtoto asipolala: saa mbili za thamani zinageuka kuwa ugomvi, na kesho yake wote wanaamka na hasira. Kwa hiyo taa ya mkekani ianze kwa ung'avu wa kutosha kazi za shule, kisha saa mbili na nusu izimwe na ibaki taa ndogo kabisa, ya kumpeleka mtoto kitandani na kukaa naye kidogo chini ya chandarua.

Mwalimu atauliza kuhusu masomo. Tumehangaika miaka yote kuwapatia watoto mwanga wa kusomea, leo tunaambiwa tupunguze? Jibu liko kwenye mraba wa umbali niliokwisha kuutaja: daftari lililo chini ya taa ndogo ya karibu linapata mwanga mwingi kuliko lililo chini ya globu kubwa ya mbali. Na kuna faida ya ziada. Mtoto anayesoma mezani peke yake chumbani hana wa kumuuliza. Anayesoma kwenye mkeka uleule ambako mama anachambua mchele anaulizwa, hata na mama asiyejua kusoma, leo mwalimu amefundisha nini. Kwa mtahiniwa wa kidato cha nne mambo ni tofauti, huyo anahitaji utulivu na meza yake, na apewe. Watoto wadogo wasipangiwe nyumba kwa kipimo cha mtahiniwa.

Pingamizi zito kuliko yote, na ambalo Ifakara haiwezi kulipuuza kamwe, ni mbu. Mji huu ni mojawapo ya mahali ambapo malaria imechunguzwa kwa kina zaidi barani Afrika. Maabara ndogo iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy miaka ya 1950 ndiyo leo Taasisi ya Afya Ifakara. Mradi wa KINET, ulioanza mwaka 1996, ulisambaza vyandarua vyenye dawa Kilombero na Ulanga, na watafiti wakahesabu kwamba matumizi yake yaliongeza uhai wa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne kwa asilimia 27. Lakini chandarua kinalinda kitanda. Hakilindi mkeka. Watafiti wa taasisi hiyo walipofuatilia kaya za kusini mashariki mwa nchi saa kwa saa, waliona watu wakiwa nje uani katika saa za kwanza za usiku, wakipika, wakila, wakiongea, watoto wakicheza, huku mbu wameshaanza kuuma. Saa zile zile ninazozitetea kama saa za mapenzi ya familia ni saa za hatari. Kuna jambo jingine la kuudhi: kwa miongo mingi wanasayansi wamewanasa mbu kwa mtego wenye taa ndogo na feni, unaotundikwa kando ya chandarua cha mtu aliyelala. Taa iliyowashwa jirani na mtu aliyeketi nje bila wavu haina tofauti kubwa na mtego huo, ila feni haipo.

Pingamizi hili silijibu kwa kulikataa. Nalikubali lote, kisha nasema ndilo linalozidi kudai taa ipangwe. Watu huketi uani kwa sababu ndani kuna joto, moshi, na kabla ya umeme kulikuwa na giza. Hutawavuta ndani kwa hotuba za afya. Utawavuta kwa kuwapa mahali pazuri zaidi pa kukaa: baraza au upande wa sebule uliofungwa wavu madirishani na mlangoni, mwanya kati ya ukuta na paa ukiwa umezibwa kwa wavu ili hewa ipite na mbu abaki nje, na taa ya njano iliyoshuka ndani ya wavu huo. Ya nje juu ya mlango izimwe wakati watu wameketi. Wanaofanya kazi ya kuboresha nyumba dhidi ya malaria wamehesabu wavu na dari kwa muda mrefu. Taa haionekani sana kwenye hesabu zao, ingawa ndiyo inayoamua familia itaketi upande gani wa wavu. Jiko linabaki kuwa tatizo, kwa sababu moshi unataka nje na mbu anataka mpishi awe nje. Hapo nishati safi ya kupikia, ambayo Serikali inaihimiza kwa sababu za misitu na mapafu, ingeleta pia faida ambayo haitajwi: kumrudisha mama ndani ya duara.

Wengine watasema haya ni mambo ya wenye nafasi. Hesabu haikubaliani nao. Taa ya wati 3 ikiwaka saa nne kila siku inakula uniti 0.36 kwa mwezi. Kwa bei ya shilingi 100 kwa uniti anayotozwa mtumiaji mdogo wa nyumbani, kabla ya kodi, hiyo ni shilingi 36. Waya wa mita tatu na ndoano mbili ni gharama ya mara moja. Na mpangaji mwenye chumba kimoja kwenye nyumba ya korido, anayekula, kulala na kulea ndani ya kuta nne, ndiye anayefaidika zaidi na taa inayoshuka na kuhama, kwa sababu globu moja ya darini inampa chaguo mbili tu: wote mwangani au wote gizani, mtoto anayetaka kulala pamoja na kaka anayesoma.

Runinga ni suala jingine, nami sitaki kuifanya shetani. Familia inayokaa pamoja kutazama taarifa ya habari saa mbili usiku inakaa pamoja kweli. Ila wote wanatazama upande mmoja, na nuru inayobadilika kila sekunde haimwonyeshi mtu uso wa mwenzake. Ombi langu ni dogo: chakula kiliwe kwanza, chini ya taa, halafu skrini iwashwe. Anayesema watoto wa leo hawataki kuongea ajaribu kwanza kuwapa mahali ambapo kuongea ndicho kitu kinachoonekana.

Kuna upungufu ambao taa haiwezi kuuziba. Kila msimu wa mpunga familia nyingi za bonde hili hugawanyika. Wazazi huhamia mashamba ya mbali na kulala kwenye dungu kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori, na watoto wa shule hubaki kijijini na bibi au dada mkubwa. Wiki nyingi hupita hivyo. Mtu akisema kwamba mapenzi ya mzazi na mtoto hayaletwi na globu, mfano wake mzuri ni huu, na ana haki. Lakini hata hapa kuna uamuzi wa mwanga. Kaya yenye taa moja ya sola lazima iamue kama iende dunguni, ambako kuna hofu ya wanyama, au ibaki na bibi, ambaye macho yake yamechoka na ana wajukuu wanne wa kuwatazama. Anayetoa mikopo ya taa za sola kwa wakulima angefanya jambo la maana kuuza jozi, ndogo ya shamba na ya kuning'inia ya nyumbani, zote zikiwa na tundu la kuchajia simu ili sauti ivuke mto usiku. Ainsworth alikwisha kutuonyesha kwamba bibi na dada ni walezi kamili machoni pa mtoto. Basi nao wahesabiwe wanapopangiwa mwanga.

REA na shirika la umeme, TANESCO, tayari wana njia ya kuanzia. Nyumba ndogo ambazo hazijafanyiwa wayaringi huwekewa kifaa cha Umeme Tayari, UMETA, chenye swichi, soketi na sehemu ya globu, kinachobandikwa ukutani. Kikiongezwa waya mrefu wa taa, ndoano na globu moja ya njano, kaya ya kwanza kabisa kupata umeme kijijini ingeanza na taa inayokaa na watu. Mafundi wa vyuo vya ufundi vya VETA wangefundishwa swali moja la kumuuliza mwenye nyumba kabla ya kupiga msumari: saa moja usiku mnakaa wapi? Na kwa wale watakaodai ushahidi wa hapa hapa badala ya Colorado na Kalahari, kazi hiyo haihitaji chombo kipya. Taasisi ya Afya Ifakara inao tayari utaratibu wa kuandika, kaya kwa kaya na saa kwa saa, nani yuko nje na nani yuko ndani tangu giza linapoingia. Kwenye fomu ile ile waongeze safu tatu: mtoto yuko na nani, wako chini ya taa gani, na je, wanaongea.